Ukiitwa Kwenye Jopo la Mahakama

Msikilizaji uliyepata uraia wa Marekani, ipo siku utafungua sanduku la barua ukute wito wa mahakama. Usishtuke, hujashtakiwa. Jina lako limeangukiwa na bahati nasibu, mara nyingi kutoka orodha ya wapiga kura au ya leseni za udereva, ili uwe miongoni mwa wazee wa mahakama, yaani jopo la raia wanaoamua kesi. Kuupuuza wito huo kuna adhabu. Kama bado si raia, jibu useme hivyo.

Kuitwa si kuteuliwa. Jaji na mawakili watakuhoji kwanza: Umewahi kuibiwa? Una ndugu polisi? Shahidi akivaa sare, utamwamini kuliko mwingine? Sema kweli, hata ukiona haya. Kwa kawaida wakili anaweza kukukataa bila kutoa sababu, ila si kwa rangi yako. Mahakama Kuu ya Marekani ilikataza hilo mwaka 1986 katika kesi ya Batson, na kwetu sisi weusi huo ni ulinzi mkubwa.

Kesi kubwa za jinai kwa kawaida huwa na jopo la watu 12. Tangu 2020, katika kila jimbo, lazima wote wakubaliane ndipo mshtakiwa atiwe hatiani kwa kosa kubwa. Kwa hiyo ukiwa na shaka ya msingi, iseme, hata kama lafudhi yako ni ya Kigoma na wenzako 11 wanataka kurudi nyumbani.