Somo la Leo: Neno INFLAMMABLE

Leo tutajifunza neno moja tu la Kiingereza. Shikeni kalamu, mwandike: INFLAMMABLE. Lisomeni polepole: in-fle-ma-bo.

Hili ni neno la sifa. Mtaliona kwenye malori ya petroli, kwenye mitungi ya gesi, na kwenye makopo ya rangi. Maana yake ni kitu kinachowaka moto upesi.

Labda mmoja wenu atauliza: "Mwalimu, tulijifunza kwamba IN mwanzoni mwa neno hukanusha. CORRECT ni sahihi, INCORRECT ni isiyo sahihi. Basi INFLAMMABLE si kitu kisichowaka?"

Swali ni zuri, lakini jibu ni hapana. IN ya neno hili ilitoka katika Kilatini, na hapa haikanushi. FLAMMABLE na INFLAMMABLE maana yake ni moja. Hata wenye lugha yao walikuwa wakikosea, ndiyo maana katika karne ya 20 wataalamu wa moto walihimiza watu waandike FLAMMABLE. Kitu kisichowaka huitwa NON-FLAMMABLE.

Sasa tazameni matumizi yake. Kwa Kiswahili twasema gesi inayowaka, mafuta yanayowaka. Kwa Kiingereza neno halibadiliki, nalo hutangulia jina: INFLAMMABLE GAS, INFLAMMABLE OIL. Mkiona HIGHLY mbele yake, maana yake ni "sana".

Neno hili si la kusoma na kusahau. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu wakakimbilia kuchota petroli, na moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Petroli hutoa mvuke usioonekana, nao hutambaa chini mbali na mafuta yenyewe. Cheche moja ya pikipiki au ya kibiriti yatosha kuuwasha. Basi lori likipinduka njiani kwenda Tabora au Sumbawanga, msilikaribie. Ondokeni, mkawaonye na wenzenu.

Zoezi: Tafuteni neno hili, au FLAMMABLE, kwenye makopo na mitungi nyumbani au dukani. Andikeni majina ya vitu vitatu vyenye neno hilo, kisha mwambieni kila mtu wa nyumbani maana yake. Vitu hivyo viwekeni mbali na jiko, taa na watoto.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.