Vazi Kwanza, Mlima Baadaye: Kujenga Dhana ya Jalada la Picha za Mitindo



Anayepiga picha za mitindo huku Usambara ana kishawishi kikubwa: mandhari. Ukisimama Irente ukaitazama tambarare ya Mazinde kule chini, kila fremu inapendeza kabla hujafikiri lolote. Mwanamitindo anasimamishwa kwenye mwamba, upepo unapeperusha gauni, kazi imekwisha. Sasa, ninyi wanafunzi mnaoandaa majalada yenu ya kwanza, mvueni gauni lile, mvikeni jingine. Kama picha inabaki vilevile, mmepiga mlima. Ndicho kipimo ninachopendekeza: dhana imepatikana pale ambapo ukibadilisha nguo, mfululizo wote unavunjika.

Mtazameni mpiga picha Mkenya Thandiwe Muriu katika mfululizo wake uitwao Camo. Humvika mwanamke kitambaa, akamsimamisha mbele ya kitambaa hichohicho, mpaka mwili unakaribia kumezwa na ukuta. Kinachojitokeza ni uso, nywele zilizosukwa kwa ustadi, na miwani iliyobuniwa kwa vitu vya nyumbani. Ondoa kitambaa kile, hakuna kazi. Na swali lake linasomeka bila maelezo: mtu anabakije yeye mwenyewe ndani ya utamaduni uliomlea? Kabla yake, kule Bamako, mpiga picha Seydou Keïta alifungua studio mwaka 1948 na kutundika shuka la kitanda chake nyuma ya wateja. Wote wawili walitosheka na kitambaa kuwa mandhari.

Sisemi mahali hapana maana. Nasema mahali paingie kupitia vazi, na Bungu, huku kwetu Usambara, inatupa nafasi hiyo zaidi kuliko tunavyodhani. Chini, Korogwe, ni joto na mkonge. Huku juu ni ukungu, maharage kwenye miteremko, na chai upande wa Dindira. Mwezi wa Julai mama anakwenda gulioni na kitenge, juu yake sweta zito la mtumba, mtoto amefungwa mgongoni kwa kanga, miguuni buti za mvua. Wapo wanaouona uvaaji huo kuwa ni wa kuokoteza. Mimi naukataa mtazamo huo kabisa. Kila tabaka lina kazi yake, na rangi huchaguliwa: angalieni jinsi sweta linavyofuata ua moja la kitenge. Sweta lenyewe lilitengenezwa kwa baridi ya nchi nyingine, likavuka bahari ndani ya robota, likapanda mlima kuja kukutana na kitenge.

Andikeni hilo kwa sentensi moja: nguo ya baridi ya wengine imekuwa yetu. Sentensi hiyo ikishasimama, maamuzi mengi yanajipanga. Mahali pa kupigia ni barazani kwa fundi cherehani na kwenye meza za mitumba. Fundi anaweza kukata mikono ya sweta akaunga ya kitenge, na mshono ule ukapigwa kwa karibu, kwa sababu ndipo nchi mbili zinapokutana. Machweo hayana kazi humu. Yaacheni, hata yakiwa mazuri namna gani.

Ukungu nao uingie kwa sababu: ndio uliolileta sweta. Una faida ya kulainisha mwanga usoni, wakati jua la saa sita huku kwetu, karibu na ikweta, hutia vivuli vizito machoni. Lakini mita ya kamera hudanganywa na weupe wa ukungu, ikaifanya picha kuwa ya kijivu. Ongezeni stopu moja ya mwanga, kisha mkague ngozi ya anayepigwa, maana hiyo ndiyo isiyopaswa kupotea.

Picha 6 zinazotegemeana zinatosha kwa dhana moja. Mchaguaji wa majalada akikuta 20, ataona mwanafunzi asiyejua kuchuja.

La mwisho ni la watu wenyewe. Barazani panapigwa hodi, na mama wa gulioni anaelezwa picha itakwenda wapi kabla kamera haijatolewa begini. Kwa mtoto, aulizwe mzazi. Malipo yakubaliwe mapema, hata yakiwa madogo. Fundi aliyeshona ni mbunifu wa kazi hiyo: akiridhia, jina lake liandikwe chini ya picha pamoja na lenu, na apelekewe nakala iliyosafishwa kwenye karatasi, aitundike kazini kwake wateja waione.