Damu Baada ya Kuzaa
Maneno waliyoambiwa wanafunzi wa udaktari na ukunga, mbele ya wazee na walimu

Nimeombwa niseme habari za uzazi, nayo ni habari pana kama bahari; mwenye saa moja hawezi kuivuka. Basi nimechagua jambo moja tu, yaani damu imtokayo mama akiisha kuzaa, maana ulimwenguni kote hakuna neno liuwalo wazazi wengi kuliko hilo.

Fahamuni kwanza kazi ya mji wa uzazi. Mimba ikitimia, damu ipitayo humo kwa dakika moja hupata nusu lita au zaidi, na mwili mzima wa mama una lita tano au sita tu. Mtoto akizaliwa na kondo likitoka, mishipa iliyolilisha kondo hubaki wazi. Ni nini kiizibacho? Ni nyama yenyewe ya mji wa uzazi. Nyuzi zake zimepitana kama miyaa katika ukili, nazo zikijikaza huibana mishipa ikafungika. Mkono ukiwekwa tumboni karibu na kitovu husikia kitu kigumu, kimeviringana. Kikiwa laini kama unga uliokandwa, hatari imekwisha fika mlangoni.

Kulegea huko ndiko sababu ya kwanza, hupata kama mara saba katika kumi. Nyingine ni kuchanika njia, kusalia kipande cha kondo, na damu kukataa kuganda. Hayo wanafunzi watayasoma vitabuni, sina haja ya kukawia hapo.

Nataka kukawia katika jicho, kwa kuwa jicho ni shahidi mwongo. Nilipokuwa mwanafunzi nilikesha na mama mmoja aliyejifungua salama jioni. Damu ilikuwa ikinywewa na khanga, na kila khanga ikilowa tuliitoa tukaweka nyingine. Hapana aliyezihesabu. Nami kwa mkono wangu nikaandika, "Damu kidogo." Mama alikuwa kijana mwenye nguvu, akisema nasi na kucheka, na mwili wa kijana huficha hasara yake muda mrefu: mapigo ya moyo huenda mbio kwanza, na nguvu ya damu haishuki mpaka imepotea nyingi. Iliposhuka tulikimbia huku na huku. Hakuona asubuhi.

Leo lipo jambo jepesi la kumsahihisha shahidi huyo. Ni mfuko wa plastiki uliopigwa mistari ya kipimo, unaotandazwa chini ya mama mtoto akiisha kuzaliwa, damu ikateremkia ndani. Mwaka 2023 yalitangazwa majaribio yaliyofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Naijeria, Afrika Kusini na Tanzania, kwa wanawake zaidi ya 210,000. Mahali walipotumia macho kama desturi, katika kila mama 100 waliotokwa na damu kupita nusu lita walitambuliwa 51 tu. Mahali palipokuwa na mfuko, walitambuliwa 93. Na waliofikia hatari kubwa, yaani kupoteza lita nzima, au kupasuliwa tumbo, au kufa kwa damu hiyo, walikuwa 43 katika 1,000 upande wa kwanza, na 16 upande wa pili.

Lakini mfuko peke yake haumponyi mtu. Siku zetu tulifundishwa kujaribu dawa moja, kungoja, kisha kujaribu ya pili. Siku hizi yote hufanywa pamoja: kuusugua mji wa uzazi mpaka ukaze, kuondoa mkojo kibofuni, sindano ya oksitosini, asidi ya traneksamiki, maji ya mshipani, na kumtazama mama kama amechanika au kondo limesalia. Oksitosini hupenda baridi. Ikikaa juani hupoteza nguvu, na mtu huchoma maji akidhani ni dawa. Asidi ya traneksamiki nayo ina saa zake: baada ya saa tatu tangu mtoto kuzaliwa haifai tena, na ndani ya saa hizo kila robo saa ikipita faida yake hupungua kama sehemu moja katika kumi.

Hapo, wazee wangu, ndipo mnapoingia ninyi. Daktari hawezi kulima njia ya kijijini wala kuamsha mwenye gari usiku wa manane. Mkiambiwa mama anatokwa na damu, msikalie shauri la nani atatoa nauli. Shauri hilo likatwe mimba ikiwa bado changa. Nanyi walimu, watu wenye afya wanaotoa damu katika wilaya ni wachache, na chupa iliyokosekana hospitalini haiwezi kununuliwa dukani. Mwanamume aweza kutoa kila miezi mitatu, mwanamke kila miezi minne.

Tena kuna neno dogo. Mama akiletwa kutoka nyumbani, aje na karatasi iliyoandikwa saa ambayo mtoto alizaliwa. Asiyejua kuandika na amtume mtoto wa shule. Sisi tukipokea mgonjwa bila saa hiyo, hatujui zile saa tatu zilianza lini.