Kapu Moja, Mpira wa Aina Moja: Kuwazoesha Wachezaji Wetu Mpira wa Plastiki



Mada niliyopewa katika semina hii ya makocha, walimu wa michezo na waamuzi inahusu namna ya kuwazoesha wachezaji wetu wa mpira wa meza mpira wa plastiki. Najua wapo mnaojiuliza kwa nini tujadili leo badiliko lililoanza tarehe 1 Julai 2014. Jibu limo kwenye makapu yetu ya mazoezi. Chota mipira kwenye kapu la klabu ya kawaida, iwe ya shule, ya chuo au ya mtaani, uipange mezani. Utakuta seluloidi iliyobaki tangu enzi hizo, utakuta plastiki ya kizazi cha kwanza, utakuta ya plastiki ya ABS yenye nyota tatu iliyorudi na timu kutoka mashindanoni, na utakuta mingi isiyo na jina, iliyonunuliwa dukani pamoja na raketi za watoto. Mchezaji anayefanyia mazoezi mchanganyiko huo hajazoea plastiki wala seluloidi. Amezoea kubahatisha. Hiyo ndiyo hoja yangu, na mengine nitakayosema yanaizunguka.

Tulikotoka

Seluloidi iliingia katika mchezo huu mwanzoni mwa karne ya 20 na kuutawala kwa zaidi ya miaka 100. Ni mchanganyiko wa nitroselulosi na kafuri. Ndiyo maana mpira wa zamani ukiukwaruza kwa ukucha unanukia kafuri. Pia unashika moto upesi mno, jambo lililoufanya uhesabiwe bidhaa ya hatari katika usafirishaji, na kuutengeneza kiwandani nako kulikuwa na hatari zake. Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Meza, ITTF, likiwa chini ya Adham Sharara, likaamua kuachana nao. Wapo waliosema shabaha ilikuwa kupunguza kasi ya mchezo ili watazamaji waufuatilie vizuri kwenye televisheni, na wapo walioona mkono wa biashara. Mabishano hayo tuwaachie wenyewe. Mpira umeshabadilika.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Oktoba 2000, baada ya Olimpiki ya Sydney, mpira ulitoka milimita 38 ukawa 40. Mwaka uliofuata seti ikashuka kutoka pointi 21 hadi 11. Mwaka 2008 gundi ya kasi ikapigwa marufuku. Ma Long wa China alizaliwa Oktoba 1988, kwa hiyo utotoni alijifunza kwa mpira wa milimita 38, akakua na seluloidi ya 40, kisha akawa bingwa wa dunia mwaka 2015 mjini Suzhou na bingwa wa Olimpiki Rio mwaka 2016 kwa mpira wa plastiki. Namtaja kwa sababu kuna makocha wanaoamini kwamba mchezaji aliyeiva hawezi kubadilika. Anaweza, mradi mazoezi yake yawe na mpango.

Nini hasa kimebadilika

Tazameni maandishi ya mpira wa mashindano: 40+. Alama hiyo ya kujumlisha haikuwekwa kwa urembo. Seluloidi iliyoandikwa 40 mara nyingi ilikuwa pungufu kidogo ya milimita 40. Plastiki hairuhusiwi kushuka chini ya milimita 40, na inaweza kufika 40.6. Uzito umebaki palepale, takriban gramu 2.7. Mpira ukiwa mkubwa zaidi kwa uzito uleule, upepo huushika zaidi, na kasi yake hupungua mapema kabla haujafika kwa mpinzani.

Ukubwa peke yake, hata hivyo, ni jambo dogo. Lililowasumbua wachezaji zaidi ni ngozi ya mpira. Plastiki haing'ang'anii raba kama ilivyokuwa seluloidi, hivyo spini inayoingia ni kidogo. Topspini ikidunda, hairuki mbele kwa ukali wa zamani. Inainuka na kusimama kidogo. Mpira uliokatwa nao unabeba spini ya nyuma pungufu. Tofauti kwa kila pigo ni ndogo, pengine mtazamaji haioni kabisa, lakini mkono wa mchezaji uliozoea miaka mingi hupima tofauti ndogo kuliko hizo.

Ukitaka kuiona, kaa pembeni ya meza utazame makosa. Mchezaji aliyelelewa na seluloidi anazuia topspini kwa kuinamisha raketi mbele, kwa sababu anategemea spini imrushie mpira juu. Spini haikuja kwa kiwango alichotarajia. Mpira unaingia wavuni. Pigo linalofuata anapokea mpira uliokatwa, anaunyanyua kwa nguvu aliyoizoea, na mpira unatoka nje upande wa pili wa meza. Kosa moja ni la wavu na jingine ni la nje. Kocha asiyejua kilichobadilika atamwambia "tuliza mkono" au "ongeza umakini", na kijana atatuliza mkono mpaka achoke. Tatizo ni pembe ya raketi. Kwenye kuzuia, afungue raketi kidogo kuliko zamani. Kwenye kunyanyua, apunguze kwenda juu aongeze kwenda mbele.

Plastiki nayo ina aina zake

Hapa ndipo tunapokosea zaidi, na naomba mnivumilie nikikaa hapa muda mrefu kidogo. Tunasema "mpira wa plastiki" kana kwamba ni kitu kimoja. Mipira ya kwanza kuingia sokoni mwaka 2014 mingi ilitengenezwa kwa asetati ya selulosi. Mingine ilikuwa na mshono, mingine, kama ya kampuni ya Xu Shaofa ya China, haikuwa na mshono kabisa. Malalamiko yalikuwa mengi: ilipasuka upesi, mingine haikuwa duara kamili, na mlio wake ulikuwa kama wa kitu kilichopata ufa. Baadaye watengenezaji wakahamia ABS, aina ya plastiki inayotumika pia kwenye vitufe vya kompyuta. Kampuni ya DHS ilipotoa mpira wake wa ABS, ambao wengi wetu tunaujua kama D40+, mambo yakatulia: unadumu zaidi, na mdundo wa mpira mmoja hautofautiani sana na wa mwenzake.

Lakini mpira wa asetati usio na mshono na mpira wa ABS wenye mshono haidundi sawa, haitoi mlio mmoja, wala haishiki raba kwa namna moja. Vivyo hivyo mipira ya nyota tatu na ile ya mazoezi ya kampuni ileile. Nyota tatu ndizo zinazopitishwa na ITTF kwa mashindano; nyota moja au mbili ni upangaji wa kiwanda chenyewe. Sidai klabu zetu zinunue nyota tatu kwa mazoezi ya kila siku, maana nazijua hazina za klabu zetu. Nadai kitu cha gharama ndogo zaidi, yaani mipira yote ya zoezi moja iwe ya aina moja, hata kama ni ya bei ya chini.

Kuikagua hakuhitaji maabara. Kwanza soma maandishi: usioandikwa 40+ weka pembeni. Pili, uzungushe juu ya meza kwa vidole viwili kama pia. Usio duara utayumba na kuhama. Tatu, udondoshe kwenye meza kutoka urefu wa sentimita 30. Meza na mpira vikiwa sawa, utapanda karibu sentimita 23. Ukipanda chini sana ya hapo huku wenzake wanafika, huo umekwisha, hata kama haujapasuka. Mpira mpya nao hutoka kiwandani na vumbi laini jeupe. Ufute kwa kitambaa kabla ya kuanza, la sivyo utateleza kwenye raba na mchezaji ataisingizia raba yake. Kwenye kumbi zetu za sakafu ya sementi, kufuta mpira na raba kila baada ya muda kunasaidia kuliko raba mpya.

Raba mpya au mguu mpya?

Plastiki ilipokuja, wachezaji wengi wa nje walikimbilia vifaa: sponji nene zaidi, raba yenye mruko mkali, mbao za kasi. Ilikuwa na mantiki, kwa kuwa mpira umepungua nguvu. Kwa mchezaji wa kiwango cha dunia anayepewa raba na kampuni, hilo ni uamuzi wa mchana mmoja. Kwa kijana wetu, raba mbili za mashindano ni fedha ya kusukuma miezi, na akiweka raba ya kasi juu ya mkono ambao haujatulia, mipira itamtoka zaidi. Ushauri wangu: raba iwe ya mwisho.

Cha kwanza kiwe mguso. Enzi za seluloidi mchezaji aliweza kuparuza mpira kwa wembamba kabisa na bado ukabeba spini ya kutosha kumsumbua mpinzani. Sasa lazima mpira uzame kidogo kwenye sponji kabla ya kuparuzwa. Maana yake nguvu itoke miguuni na kiunoni. Kifundo cha mkono peke yake hakitoshi. Cha pili kiwe nafasi. Mpira unaopungua kasi mapema humwadhibu anayesimama mbali na meza. Tazameni kizazi kilicholelewa na plastiki. Tomokazu Harimoto wa Japani alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 11 badiliko lilipoanza. Akishambulia kwa bekihendi akiwa ameukaribia ukingo wa meza, alishinda Czech Open mwaka 2017 akiwa na miaka 14. Servisi fupi, ambayo zamani ilimlazimisha mpokeaji asukume tu, leo inashambuliwa juu ya meza kwa bekihendi kwa sababu spini ya nyuma si kali vile. Kwa hiyo servisi ya mchezaji wetu iwe fupi kweli, idunde mara mbili upande wa mpinzani kama itaachwa, na iwe chini. Tukiacha kuhesabu spini peke yake kama silaha, tutaanza kuthamini mahali mpira unapotua.

Wakataji nao wana kilio chao, na ni cha haki. Anayejilinda mbali na meza kwa kukata, hasa kwa raba ya vipele virefu, huishi kwa spini ya mpinzani anayoigeuza. Spini ikipungua inapokuja, na ya kurudisha inapungua. Mkataji wa leo anahitaji shambulizi la fohendi lililokomaa. Joo Se-hyuk wa Korea Kusini, aliyefika fainali ya dunia mjini Paris mwaka 2003, alikuwa mkataji mwenye fohendi ya kutisha, na hiyo ilikuwa kabla ya plastiki. Makocha wenye wakataji wasiwabadilishe mtindo, wawaongezee silaha.

Kwenye mazoezi, wiki za mwanzo ziende kwenye mambo mawili tu: kuzuia topspini na kufungua mpira uliokatwa, kwa kulisha mipira mingi kutoka kapu moja. Kocha asimame pembeni ahesabu makosa ya wavu na ya nje, kila moja kwa safu yake kwenye daftari. Safu moja ikizidi nyingine sana, pembe ya raketi ndiyo ya kurekebishwa. Mechi za kujipima zisubiri hadi safu hizo zipungue.

Waamuzi na waandaaji wa mashindano

Kanuni zinampa mchezaji nafasi ya kuchagua mipira kabla ya kuingia uwanjani, na dakika mbili za kupasha kwenye meza ya mechi. Dakika mbili zinatosha kumkumbusha mkono kitu anachokijua. Hazitoshi kumfundisha mpira asiowahi kuugusa. Mchezaji anayetoka mkoani akakutana na mpira mgeni asubuhi ya mechi ameshaanza nyuma.

Kwa hiyo naomba semina hii iazimie mambo mawili kabla hatujaondoka. Barua ya mwaliko wa mashindano yoyote, kuanzia ya shule hadi ya taifa, itaje jina na aina ya mpira utakaotumika, na itumwe mapema kiasi cha klabu kuupata na kuufanyia mazoezi. Na kila kocha aliyemo humu, akirudi kituoni kwake, alimwage kapu lake mezani, aipange mipira kwa aina, na aitoe yote ya seluloidi kwenye mazoezi ya timu.