Maumivu Pia Yapimwe



Mgonjwa wa saratani anayetoka Masinga au Yatta hadi hospitalini hupimwa joto, presha na uzito. Lakini maumivu yake, nani ameyapima na kuyaandika kwenye faili?

Daktari husoma miaka mingi, ila somo la maumivu hupewa nafasi finyu katika vyuo vingi duniani. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilichunguza hali ya watoto wagonjwa nchini Kenya, likakuta wengi wakiteseka bila dawa kali. Mofini ya kunywa ni ya bei nafuu, lakini wahudumu wengi hawakuwa wamefunzwa kuitumia, na wengine waliiogopa.

Hofu hiyo haiondolewi kwa waraka. Huondolewa kwa kufunzwa wodini, mbele ya mgonjwa: kuanza na kipimo kidogo, kukiongeza taratibu huku pumzi ikiangaliwa, na kutoa dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, kwa sababu mofini hufunga choo. Mgonjwa wa saratani anayepewa kwa vipimo sahihi ni nadra kuwa mraibu.

Kuna mafunzo ya siku moja yaliyoanzia Papua New Guinea mwaka 2010. Yana maneno matatu: tambua, pima, tibu. Uzuri wake ni kwamba waliofunzwa huandaliwa wafunze wenzao, wauguzi na maafisa wa kliniki wakiwemo. Hili la wauguzi lina uzito, maana zahanati nyingi hazina daktari. Uganda iliona hivyo mapema: tangu 2004, wauguzi na maafisa wa kliniki waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuandika mofini.

Hata hivyo daktari aliyefunzwa vizuri bado anahitaji kuambiwa ukweli. Wazee wetu, hasa wanaume, husema "niko sawa tu" huku wameuma meno. Kwa hiyo tumieni mkono. Ngumi iliyofungwa ni kutokuwa na maumivu. Vidole vitano vilivyonyooka ni maumivu yasiyovumilika. Mwulizeni mgonjwa asubuhi na jioni, andikeni idadi ya vidole na saa aliyomeza dawa, kisha daftari hilo liende naye kliniki. Daktari asipouliza, mwonyesheni.