Hofu Iliyobandikwa Jina

Jioni ya Jumamosi iliyopita, mvua ilipokwisha kunyesha na njia ya kutoka gatini ikawa tope tupu, niliingia katika kibanda kimoja cha video hapa Yangambi, kilichoezekwa mabati na kuzungushiwa turubai, ambamo kwa noti moja ya faranga 500 mtu hupata kipande cha benchi na haki ya kutishwa muda wa saa mbili. Jenereta lilikuwa likinguruma nyuma ya ukuta. Filamu ilikuwa Halloween, si ile ya asili ya mwaka 1978, bali ile iliyohuishwa mwaka 2007, ikisema Kifaransa kisichopatana na midomo ya wasemaji, huku kijana mmoja aliyesimama kando ya televisheni akiifasiri kwa Kiswahili na Kilingala vilivyochanganyika kama mchele na maharage. Ilipofika pale mtoto Michael Myers anapoonewa shuleni na kutukanwa nyumbani na mwanamume wa mama yake, mzee mmoja aliyekaa mbele yangu, fundi wa baiskeli ambaye sidhani kama iko filamu ya kutisha iliyopata kushuka mtoni kutoka Kisangani asiione, alifyonya, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote: “Sasa mnataka nimhurumie. Nikisha kumhurumia nitamwogopa vipi?”

Vijana wa nyuma walimjibu kwa kishindo, kwamba wao hawakuwako duniani ile ya kwanza ilipotengenezwa, kwamba picha zake zimejaa giza na watu wake huenda polepole kama wanaotafuta sindano iliyopotea, na kwamba kila kizazi kina haki yake ya kutishwa kwa picha safi na kwa damu inayofanana na damu. Naye mzee akashikilia neno lake moja, kuwa damu ameiona nyingi kuliko wao na haikumnyima usingizi hata usiku mmoja, lakini ule uso mweupe usiosema kitu ulimnyima. Mabishano hayo yangalifika alfajiri kama jenereta halingaliishiwa mafuta.

Nimetembea na maneno hayo juma zima, kwa kuwa daawa hiyo moja husikilizwa kila mahali ambako watu hupenda kutishwa, na aghalabu hakimu wake hupatikana mlangoni pa sinema tu. Kuhuisha hofu ya kale si bidaa ya jana. Mjerumani F. W. Murnau alipotengeneza Nosferatu mwaka 1922 kwa kuchukua kisa cha Dracula bila idhini, mjane wa mwandishi Bram Stoker alikwenda mahakamani hata ikaamriwa nakala zote ziangamizwe. Hazikuangamia zote, na mfu yule akafufuliwa tena na Werner Herzog mwaka 1979, akafufuliwa mara nyingine na Robert Eggers mwaka 2024. Hata zimwi Jason wa Friday the 13th, ambaye hajamalizwa na panga wala shoka tangu mwaka 1980, alizuiliwa na mawakili: toka mwaka 2009 hajapata filamu mpya ya sinema, na miaka kadhaa kati ya hiyo imeliwa na kesi kati ya mwandishi wake wa kwanza na mtengenezaji juu ya nani mwenye milki.

Lakini turejee kwa Michael Myers, maana ndiye aliyemfyonyesha mzee wetu. Mwongozaji wa filamu ya kwanza, John Carpenter, alipompa umbo, alimnyima karibu kila kitu kingine. Uso wake ulikuwa kinyago cha dukani cha bei ndogo, sura ya mwigizaji William Shatner, kilichopanuliwa matundu ya macho na kupakwa rangi nyeupe. Na mwishoni, majina ya waigizaji yanapopita, aliyekivaa hakuandikwa kwa jina la mhusika wake, bali aliandikwa kwa neno ambalo kwetu ni kama kusema Umbo, basi. Alitoka wapi, alitaka nini, kwa nini nyumba hii na si ile, hapakuwa na jawabu, na kukosekana kwa jawabu ndiko kulikomfuata mtazamaji hata nyumbani kwake na kusimama naye nje ya dirisha. Filamu ya pili, ya mwaka 1981, ilimtolea sababu ya kwanza ilipodai kwamba msichana anayewindwa ni dada yake. Mwongozaji Rob Zombie mwaka 2007 akamwongezea utoto mzima, machozi yake na udhalili wake. Ndipo mwaka 2018 wakaja wengine wakazifuta filamu zote zilizofuata ile ya kwanza, kana kwamba hazikupata kutengenezwa, wakamrudisha Jamie Lee Curtis, mwigizaji wa yule msichana, akiwa bibi mwenye mvi na bunduki, wakalirudisha Umbo katika kimya chake. Filamu hiyo ikakusanya zaidi ya dola milioni 250 duniani.

Sisi watu wa Yangambi tunayo nyumba inayonisaidia kulifahamu jambo hili. Katika taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoasisiwa na Wabelgiji mwaka 1933, ambayo leo tunaiita INERA, mna hazina ya mimea mikavu zaidi ya laki moja, kila mmoja umelazwa juu ya karatasi ngumu na kushonewa kwa uzi, na pembeni pake kimebandikwa kikaratasi chenye jina la Kilatini, mahali ulipochumwa, tarehe, na jina la aliyeuchuma. Ni elimu adhimu, wala simkejeli mtu aliyeihifadhi katika miaka ya vita. Hata hivyo jani lililobandikwa jina halitikisiki. Ukitaka kuogopa msitu, hutaingia katika nyumba ile. Utasimama ukingoni mwa njia wakati wa magharibi, usikie kitu kikivunja kijiti mahali usipopaona. Rob Zombie alimchuma Myers, akamkausha, akambandika kikaratasi.

Si kila uhuisho hukausha. Mwaka 1992 Kenneth Nnebue wa Nigeria alitoa kwa kanda za video kisa cha Living in Bondage, kilichosemwa kwa Kiigbo, cha bwana Andy aliyemtoa mkewe Merit kafara katika chama cha siri ili apate mali, kisha akasumbuliwa na mzuka wake; na katika vibanda kama hiki chetu filamu za namna hiyo ziliwatia watu baridi kuliko za Marekani, kwa kuwa kila mtu alimjua jirani mmoja ambaye gari lake lilikuja haraka mno. Mwaka 2019 Ramsey Nouah alikirudia kisa kile kwa picha za kumetameta: Kenneth Okonkwo yule yule akarudi kuwa Andy, safari hii mhubiri aliyetubu, na mtego ukamnasa mwanawe, Nnamdi. Magari na nyumba vilibadilika, ila shaka juu ya mali ya ghafula haikuzeeka hata siku moja. Vijana wa kibandani wanaipenda, na mzee wa baiskeli, nilipomuuliza, alisema hana kesi nayo.

Hapa ningaliweza kuhukumu kwamba mzee ameshinda, nikanyamaza. Lakini jimbo letu hili la Tshopo lina zimwi lake ambalo limehuishwa kupita wengi, na hukumu yangu haimtoshi. Namkusudia mtu-chui. Katika nchi ya Wabali, upande wa Bafwasende, palikuwa wakati wa ukoloni na watu walioitwa anioto, waliojifananisha na chui na kuua kwa makucha ya chuma, na serikali ya Wabelgiji iliwasaka, ikawanyonga. Mwaka 1913 mchongaji Paul Wissaert alimsimamisha mmoja wao, amemwinamia mtu aliyelala, kwa ajili ya jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Mchora katuni Hergé akamtia katika safari ya Tintin nchini Kongo, iliyotoka gazetini mwaka 1930 hadi 1931, akaichora upya kwa rangi mwaka 1946. Na mwaka huo huo Hollywood ikampiganisha Tarzan na mwanamke-chui. Sanamu, gazeti, kitabu, sinema: huo ni mfululizo wa kutisha kama ule wa Myers, tofauti ni kwamba sisi tuliotolewa mfano hatukuulizwa maoni ya mashabiki.

Aliyeyatoa maoni hayo bila kuulizwa ni mchoraji Chéri Samba wa Kinshasa. Katika picha yake ya mwaka 2002, Waafrika wanaivuta sanamu ile kwa kamba kuitoa nje ya jumba, na Wazungu wanaivuta irudi ndani. Jumba lilipofunguliwa upya mwezi wa Desemba 2018, mtu-chui alikuwa amehamishiwa katika chumba cha sanamu zilizoondolewa katika maonyesho.

Huyu alifanyiwa kinyume cha Myers. Aliondolewa kikaratasi chake, akaachiwa makucha tu. Waliochunguza habari zake wanasema nyuma ya mauaji kulikuwa na ugomvi wa watemi, visasi, na uasi juu ya amri za serikali. Hayo yote hayakuonekana Tervuren, maana mnyama asiye na sababu alikuwa na manufaa kwa waliotaka kutawala. Na Myers hakumuua mtu yeyote ila wa kubuniwa, lakini waliouawa na anioto na walionyongwa kwa ajili yao wana wajukuu wanaonisikia wakati huu. Zimwi la kubuni na libaki bila nasaba. La kweli lina haki ya kusimuliwa lilikotoka, hata kama kufanya hivyo kutalipunguzia kutisha.

Basi wewe kijana uliyeko Kisangani mwenye kamera, ambaye siku moja utamtaka mtu-chui arudi kwenye kioo, nakuomba usianzie katika sanamu wala katika kitabu cha Tintin. Shika barabara ya Ituri mpaka Bafwasende, uketi na wazee, uwaulize ni nani aliyekufa, na ni nani aliyenufaika. Kisha uilete filamu hapa Yangambi kabla hujaipeleka kwingine.