Magari Yasimame Wapi Mjini Busia?

Hotuba ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati imeniagiza niseme machache juu ya sheria za barabarani, na hasa juu ya mahali pa kusimamisha magari katika mji wetu. Nilipopokea agizo hilo nilidhani ni kazi ya dakika tano. Lakini nilipoyafungua majalada ya barua za Chama, niliona kwamba hakuna jambo tuliloliandikia mara nyingi na kujibiwa mara chache kama hili. Sababu yake nimeitafuta, nami nitawaeleza.

Mji wetu una barabara moja kubwa, itokayo Kisumu, ikapita Maseno, Ugunja na Bumala, ikaishia penye lango la Uganda. Wazee mliopo mwakumbuka vijana wa miaka ya 1960 waliopakia abiria juu ya baiskeli kutoka kituo cha upande huu hadi kituo cha upande wa pili, wakiita, "Boda, boda!" Jina lile sasa lajulikana hata katika miji isiyo na mpaka wowote, nasi twaweza kujivunia kidogo. Baiskeli haikuwa na shida ya mahali pa kukaa. Iliegemezwa ukutani, basi. Tangu mwaka 2008, Serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki ndogo, pikipiki zimekuja kwa wingi na kuchukua nafasi ya baiskeli, nazo haziegemezwi ukutani. Malori nayo yangali yakipanga foleni. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa rasmi mwezi wa Februari 2018 kilikusudiwa kupunguza kungoja, maana gari husimama upande mmoja tu badala ya pande zote mbili. Hata hivyo, ziko siku ambazo mtu aweza kutembea mwendo mrefu asione ng'ambo ya barabara.

Mwaka jana, asubuhi moja, nilikuwa nikimpeleka binti yangu shuleni. Alinitangulia hatua mbili tatu, akapenya kati ya malori mawili yaliyosimama. Pikipiki ikatokea. Kijana yule alikaza breki akaanguka yeye na abiria wake. Binti yangu alichubuka goti tu, Mungu ashukuriwe. Sikuweza kumlaumu kijana, kwa kuwa alikuja polepole, wala yeye hakumwona mtoto, wala mtoto hakumwona yeye. Hasira zangu nikazipeleka kwa dereva wa lori, nikamwuliza kwa nini amesimama pale. Akanijibu kwa upole, "Bwana, wewe ni mwenyeji. Niambie nisimame wapi." Sikuwa na la kumwambia, nami naona haya hata leo.

Sasa nije kwenye sheria. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imegawa kazi. Barabara kuu za taifa ni kazi ya Serikali ya Taifa. Barabara za kaunti, taa za njiani, na shughuli za magari pamoja na maegesho, ni kazi ya Serikali ya Kaunti. Kwa hiyo lori lililosimama kando ya barabara kuu lina mlango wake wa kubisha, na pikipiki zilizojazana kwenye njia ya sokoni zina mlango mwingine. Sisi tumekuwa tukiandika barua moja yenye malalamiko yote, tukiipeleka mlango mmoja. Mpokeaji husoma sehemu isiyo yake, akaiweka chini pamoja na ile iliyo yake. Nasema hivi nikijua kwamba barua nyingi kati ya hizo niliziandika mimi mwenyewe.

Sheria nyingine ni chache, nanyi mwazijua. Ndani ya mji mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Pikipiki ichukue abiria mmoja, naye avae kofia ngumu kama dereva. Wazee wenye wajukuu katika kazi hii wawaulize juu ya kofia hiyo ya pili, wasikubali kuambiwa kwamba imesahaulika nyumbani.

Lipo jambo moja ambalo Kamati haikuniagiza kulisema, lakini nitalisema. Baadhi yetu wenye maduka tumepanga mawe na madebe ya udongo mbele ya milango yetu ili gari lolote lisisimame pale ila la mteja wetu. Ardhi ile si ya duka. Mama aliyebeba kuni akiyakuta mawe yetu hana budi kushuka barabarani, katikati ya pikipiki. Hatuwezi kuiandikia Serikali juu ya malori hali mawe yetu yako pale pale. Najua wapo watakaonuna.

Tena twanung'unika juu ya ada ya maegesho. Kila mwaka Mswada wa Fedha wa kaunti huletwa, na wananchi huitwa watoe maoni kabla haujapitishwa. Safari iliyopita tulikwenda wanachama wawili tu, na mmoja wetu alikuwa amepita kujikinga na mvua. Pale ndipo pa kuuliza kama sehemu ya fedha hizo yaweza kuwapatia vijana wa pikipiki kituo chenye kivuli, kilichowekwa alama, ili askari akiwaondoa mahali awe na mahali pa kuwapeleka.

Nimeandika barua mbili. Ya kwanza ni ya mamlaka ya barabara kuu, nayo yaomba uwanja wa malori nje ya mji na kivuko chenye alama karibu na shule. Ya pili ni ya kaunti, juu ya kituo cha pikipiki na njia za waendao kwa miguu. Zote mbili ziko mezani kwa Mweka Hazina. Mkutano ukiziridhia, wanachama watie sahihi kabla ya chai, na asiyeandika atatia dole gumba, wino upo. Mawe yaliyo mbele ya duka la ndugu yangu tutayaondoa Jumamosi asubuhi, na mwenye toroli tafadhali aje nalo.